Mwaka Ambao Makayabu Hayakunuka

Grâce alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti kwenye jiko la mteja huko Saint-Josse, Brussels, kichwa ndani ya kabati, nikitafuta bomba linapovujia. "Tantine Furaha," alisema, "Kambo ametuacha." Sikuuliza kambo yupi: kambo kwetu ni bibi, na bibi aliyemlea Grâce ni mmoja, Maman Vero. Nilimwambia mteja maji yake yatangoja mpaka kesho, nikafunga sanduku la vyombo na kuondoka. Sikulia, kwa sababu sina tabia ya kulia mbele ya watu wanaonilipa. Lakini nilipofika kwenye gari nilikaa na ufunguo mkononi nisijue pa kuuchomeka, na kilichonijia hakikuwa sura ya Maman Vero wala sauti yake. Ilikuwa harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, anapoanza kulainika kwenye nyanya na vitunguu. Asiyekulia kwetu akiambiwa harufu hiyo ni ya chakula atabisha hadi jioni. Sisi inatujaza mate. Mimi inanijaza mate na hofu pamoja, tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na sijawahi kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Matanga yalikuwa Koekelberg, kwenye ghorofa nyuma ya Basilika, alikohamia Maman Vero miguu ilipokataa ngazi za boti aliyokuwa akiishi. Nilikuta sebule imejaa watu waliokaa na makoti yao, wengine na kofia, kwa maana madirisha yote yalikuwa wazi na nje kulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio. Pazia lilikuwa likipeperuka juu ya picha ya marehemu. Mama mmoja wa kanisani aliyekaa karibu nami alimnong'oneza mwenzake, lakini kwa mnong'ono wa kusikika hadi jikoni: "Bon, banataka tumufuate Maman shiye bote leo leo?" Mwenzake akajibu kwamba Grâce amekataa kabisa kufunga, eti ni sheria ya nyumba hii. "Sheria gani ya kuua bantu na baridi?" akasema wa kwanza, na wote wawili wakajifunika kitenge kimoja. Nilipewa chai ya tangawizi, nikaishika kwa mikono miwili, nikayatazama yale madirisha. Ndani ya chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua sheria ile ilizaliwa siku gani. Grâce mwenyewe siku hiyo alikuwa na miaka mitano, naye hakumbuki hata chembe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kufunga mitambo ya gesi na ya joto, mwanamke peke yangu darasani, na kila mwenye kampuni aliyesoma jina langu aliahidi kunipigia. Hadi leo nazisubiri simu zao. Aliyenichukua ni Tonton Placide, mtu wa Uvira, ambaye hakuwa mjomba wangu wa damu, lakini kwetu Brussels mwanaume yeyote aliyekutangulia kuota mvi ni tonton wako, upende usipende. Alikuwa fundi wa boti za kuishi zilizofungwa kando ya mfereji. Kazi hiyo mafundi wengine waliikwepa, na nilipoianza nilielewa kwa nini. Kwenye boti unafanya kazi umejikunja, dari iko kichwani, sakafu iko magotini. Chuma kinatoka jasho asubuhi. Meli ya mchanga ikipita, nyumba nzima inayumba, vikombe vinagongana, na kila nati uliyoikaza inakumbuka kulegea. Choo kina pampu, maji yana pampu, maji machafu yana pampu, na zote hupenda kufa Ijumaa jioni. Tonton alizitukana kwa Kifuliiru, lugha yake ya nyumbani, akiamini kwamba Mungu hafuatilii sana matusi ya Kifuliiru.

Kwa gesi hakuwa na mzaha. Siku ya kwanza alinishusha ndani ya boti tupu, akanionyesha mbao za sakafu. Gesi ya chupa, alisema, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya boti haitoki. Inashuka, inajikusanya chini kule, inangoja cheche. "Bateau ni shimo ya chuma," aliniambia. "Kila kitu inaingia, hakuna kitu inatoka, kama haukuitobolea njia." Hakuhitaji kurudia. Mimi ni mtoto wa Goma, na kwetu kuna mabonde madogo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutulia, huioni, huinusi. Tunaiita mazuku. Asubuhi unamkuta mbuzi amelala humo, hana jeraha, amekufa. Mtoto wa Goma hufundishwa mapema kutoshuka mahali ambapo ndege wamelala chini. Nilipoingia kwenye boti yoyote mwaka ule, kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni matundu ya hewa: ya chini karibu na sakafu, ya juu kwenye dari. Nikiyaona yako wazi, mabega yangu yalishuka.

Maman Vero alikuwa mteja wangu wa kwanza wa peke yangu. Alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, mjane wa nahodha wa Kibelgiji aliyekuwa akisafirisha kokoto na aliyemwachia boti pamoja na kipimahewa cha shaba ambacho kila siku kilitabiri dhoruba. Aliishi humo na Grâce, mjukuu wake, kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa akihudumia wazee mji mwingine na kurudi mara moja kwa mwezi. Boti ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana. Jiko lilikuwa mbele, na meza iliyofunikwa plastiki yenye maua. Katikati kulikuwa na bafu dogo lenye beseni la kukaa, la mtu mmoja aliyekunja magoti. Nyuma kulikuwa na kitanda, sanamu ya Moyo Mtakatifu na vitenge vilivyokunjwa hadi darini. Kati ya jiko na bafu nilifunga mashine mpya ya kuchemshia maji kwa gesi, chauffe-eau, na bomba lake la moshi likapita darini. Juu yake kulikuwa na kidude kidogo chenye nyaya mbili, mlinzi wa mashine: moshi ukishindwa kutoka na kuanza kurudi ndani, kidude kinaona joto lake na kukata gesi. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, hakuna tone lililotoa mapovu. Nilisafisha matundu yote ya hewa kwa brashi. Nilipofungua bomba na maji ya moto yakaja, na moto ukasimama wa buluu, Maman Vero alipiga vigelegele mpaka bata wakaondoka. Tonton alikuja kukagua, akazunguka akinung'unika, akasema, "Ça va." Kwa Tonton hiyo ilikuwa shahada ya chuo kikuu.

Wiki chache baadaye, baridi ilipoanza, simu ikalia. "Furaha, masini yako inazimika," alisema Maman Vero. "Inawaka, inawaka, na kisha tak! Inakufa. Mutoto anabakia na sabuni mu macho." Nilikwenda siku hiyohiyo. Iliwaka mbele yangu bila kosa. Niliacha maji yatiririke, nikakaa kwenye kiti nikiitazama, Maman Vero akanipikia kuku na bukari, ugali wa kwao, akanitania kwamba watu wa Kivu tunakula kama tunaogopa sahani. Haikuzimika. Nikarudi nyumbani. Ikazimika. Nilirudi tena, nikabadilisha kirekebishaji cha gesi kwenye chupa, nikapitisha mwanga ndani ya bomba la moshi nikitafuta kiota cha ndege, nikapima upepo, nikabadilisha kile kidude chenyewe nikidhani kimezeeka kabla ya siku zake. Mbele yangu mashine ilikuwa na adabu ya mtawa. Nikiupa mgongo mfereji, simu inalia.

Hakuna kitu kinachomla fundi kama kosa linalojificha. Nilianza kukosa usingizi. Kilichoniogopesha si kwamba mashine inazimika. Ni kwamba mlinzi anazima kwa sababu, na sababu moja tu ingemfanya azime: moshi ulikuwa ukirudi ndani. Moshi wa gesi hauna rangi wala harufu, na humlaza mtu taratibu, akidhani amechoka. Nilimweleza Maman Vero hayo kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Alinisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akanijazia sahani. Nilimuuliza kama anafanya jambo lolote tofauti siku inapozimika. Akatazama pembeni. "Hapana, mwanangu. Maisha tu." Nilimwona alivyotazama pembeni. Nikafikiri ana aibu ya kunisumbua. Wenzake wa kikundi cha maombi nao walikuwa na jibu lao: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki wa majini, hapendi moto uwashwe juu ya kichwa chake. Walikuja wakaomba kwa kelele, wakanyunyiza maji ya baraka hadi kwenye chauffe-eau, nami nikalazimika kurudi kuifuta kutu. Tonton alipanda kuangalia mwenyewe, akashinda pale mchana mzima, hakupata kitu. Njiani kurudi hakuwasha redio. "Masini inayojizima iko inasema kitu," alisema. "Shiye njo hatusikie." Viziwi tulikuwa sisi. Nilitamani anitukane kwa Kifuliiru, ingekuwa nafuu.

Jumapili moja ya Januari nilikuwa chumbani kwangu Saint-Gilles, nikipiga pasi, Maman Vero aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ya sherehe. "Furaha! Masini imepona!" Nikauliza imeponaje. "Papa Dédé, ule mécanicien wa ma-motokari, wa kanisa. Alikuya jana. Alikamata ma-fils mbili ya kule yulu, akaiunga pamoja. Fini! Tangu asubuhi maji inatoka moto, haijazimika hata kiloko. Minalobika makayabu na maji ya moto, chumvi inatoka mbio. Kuya ukule! Si unasemaka nakupikiaka kuku tu, kama Mubeleji?" Niliweka pasi chini. Nyaya mbili za juu zilikuwa za mlinzi. Papa Dédé alikuwa amemfumba macho. Nilimwambia, "Maman, zima chauffe-eau. Zima sasa hivi, tafazali." Akacheka. "Eh, mutoto iko mu maji! Acha nimusukule sabuni kwanza, atashika baridi. Kuya tu." Akakata. Nilipiga tena. Ililia hadi mwisho. Nikapiga tena. Nikampigia Tonton, lakini alikuwa kanisani, na Tonton kanisani huzima simu kama alivyozima sigara, kabisa.

Nikashuka ngazi na koti mkononi. Kwenye tramu nilisimama mlangoni ingawa viti vilikuwa vitupu. Nilikuwa na faraja moja tu, nikaishikilia kwa meno: matundu ya hewa. Nilikuwa nimeyasafisha mwenyewe. Mlinzi hayupo, sawa, lakini bomba la moshi ni zima na hewa inaingia chini na kutoka juu, kwa hiyo moshi utapanda na kwenda zake. Nilijirudishia maneno hayo kila kituo. Mama mmoja akaniuliza kwa Kifaransa kama ninaumwa. Nilipiga simu tena. Iliendelea kulia. Nilijiambia ana mikono yenye sabuni, simu iko jikoni, anaimba, hasikii. Maman Vero huimba akiosha mtoto, na huimba kwa nguvu. Nilishuka nikakimbia kando ya mfereji, viatu vikiteleza kwenye mawe, nikaiona boti imetulia mahali pake, kijani, na bata wawili pembeni. Kila kitu kilikuwa cha Jumapili. Hakuna moshi, hakuna kelele. Nikapunguza mwendo nipate pumzi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sinusi kitu. Nilikuwa nimesimama kwenye ubao wa kupandia, hatua chache kutoka jiko ambamo makayabu yalikuwa yakilowekwa na kuchemka tangu asubuhi, na pua yangu ilinipa maji ya mfereji, kutu, na dizeli ya meli iliyopita. Basi. Makayabu. Harufu ambayo hupita ukuta, hupanda ghorofa nne, hukaa kwenye koti wiki nzima. Boti yenye matundu wazi ingenuka hadi darajani. Nikakumbuka akina mama wote wa Saint-Gilles, pamoja na mwenye nyumba wangu mwenyewe wa wakati ule, Maman Nsimire, wakipika makayabu: kwanza wanafunga madirisha, halafu taulo yenye maji chini ya mlango, halafu gazeti kwenye tundu la hewa la bafu, ili jirani Mubeleji asije kugonga. Wote tulifanya hivyo. Nami nilifanya. Ilikuwa imeingia mikononi mwetu, hatukuiona tena kuwa ni jambo.

Mlango ulikataa kwa chini. Nilisukuma kwa bega, ukafunguka ukiburuta taulo iliyolowa, na harufu ikanipiga usoni, yote kwa mkupuo, pamoja na joto na mvuke. Chungu kilikuwa kinachemka. Chauffe-eau ilikuwa inanguruma, na moto wake haukuwa wa buluu, ulikuwa wa manjano, mrefu. Niligeuza kifungio cha gesi mpaka mkono ukauma. Kwenye kila tundu la chini na la juu kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimesukumwa kwa kidole mpaka ndani, kazi safi, kazi ya mtu aliyeifanya mara nyingi. Maman Vero alikuwa ameketi sakafuni mwa bafu, mgongo ukutani, mkono mmoja ukiwa ndani ya beseni umeshika mkono wa Grâce. Macho yake yalikuwa wazi. "Unakuya," alisema polepole. "Minapumuzika kiloko." Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa beseni, midomo ikiwa na rangi nzuri, rangi nzuri kupita kiasi, wekundu ambao moshi huo humpa mtu.

Nilimchomoa kwenye maji jinsi alivyokuwa, nikamfunga kwenye koti langu, nikapanda naye ngazi. Nilimlaza juu ya boti, kwenye chuma cha baridi, nikamwita jina. Hakujibu. Ilibidi nimwache. Hilo ndilo linalonitoa jasho hadi leo, hilo la kumwacha. Nilimwacha pale na kushuka tena kwa bibi yake, nikamshika chini ya kwapa na kumvuta, naye akinikemea kwa ulimi mzito kwamba nitaumia mgongo. Tulipanda ngazi kwa kuanguka. Nilipofika juu, kulikuwa na mtu amepiga magoti kando ya Grâce: Madame wa boti ya jirani, bibi mzee Mubeleji mwenye nywele nyeupe fupi. Alikuwa amemgeuza mtoto ubavu, amemfunika blanketi, anamsugua mgongo huku akizungumza na ambulansi kwenye simu iliyobanwa begani. Harufu ya makayabu ilikuwa ikitoka mlangoni na kutufunika sote. Alimsugua mtoto, akamsugua. Kisha Grâce akatapika kwenye koti langu, akavuta hewa, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijapata kusikia wimbo wowote ulioizidi. Nilikaa chini.

Walilazwa hospitali, wakapewa hewa safi kwa barakoa, wakapona wote wawili. Tonton alipokuja, bado amevaa suti ya kanisani, hakumkemea Maman Vero. Alivuta kiti. Ndipo Maman Vero akaeleza, akiliangalia shuka. Miaka ya nyuma, Saint-Gilles, mwenye nyumba aliwafukuza yeye na mumewe kwa ajili ya harufu, akamwambia yeye mbele ya majirani akapike hivyo kwao. Mumewe akamleta kwenye boti, akamwambia huku juu ya maji hakuna mtu wa kukugongea. Kisha mume akafa, na wiki hiyohiyo Madame wa boti ya jirani akauliza, bila ubaya, kama kuna mnyama amekufa chini ya sakafu. "Tangu pale," alisema, "nikipika makayabu, minafungaka. Siku ingine yote hapana. Na wakati ile ya Furaha kukuya, minafunguaka yote mbele, minapulizaka hewa, minapikaka kuku. Nitaachaka mugeni akute nyumba inanuka? Minaweza mwambia nini huyu mutoto, iko na diplôme, eti mie ninajifichaka sababu ya samaki?" Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Maman Vero hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anaficha mboga. Niligeukia dirisha nikalia, na safari hii mteja alikuwa mbele yangu.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Tuliomba, tukapima, tukabadilisha vipuri, na mashine ilikuwa ikituambia ukweli kila mara: siku za makayabu, maji ya moto yanatiririka saa nyingi kuondoa chumvi, nyumba imezibwa kote, moshi hauna pa kwenda, mlinzi anazima. Tulipofika, hakukuwa na makayabu. Kesho yake Tonton alirudisha nyaya mahali pake. Papa Dédé alisimama pembeni na kofia mkononi, akisema alitaka kusaidia tu, na ilikuwa kweli. Kisha Tonton akakata matundu mawili zaidi kwenye chuma, makubwa, ya umbo ambalo kitambaa hakiwezi kushika. Aliponigeukia hakuniambia pole wala hongera. "Kuanzia leo," alisema, "mbele ya kufungua sanduku, unauliza bantu banapikaka nini." Nimefanya hivyo miaka yote tangu siku ile. Wateja Wabelgiji hudhani najialika chakula cha mchana. Wakongo hutazama pembeni kwanza, halafu wanasema.

Madame wa jirani aliaga boti yake zamani na kwenda kwa binti yake. Kabla hajaondoka, Maman Vero alimpelekea sahani ya makayabu na bukari, akasimama mlangoni mpaka akaona ameonja. "Alikula?" nilimuuliza. "Alikula," alisema. "Alilia na pilipili, lakini alikula." Kuanzia mwaka wa ajali ile Maman Vero hakufunga dirisha tena akipika, si kwenye boti, si Koekelberg, si wakati wa theluji. Majirani wa ghorofani walimgongea mara nyingi. Aliwafungulia na mwiko mkononi.

Jioni ile ya matanga nilikwenda jikoni kurudisha kikombe. Chungu kikubwa kilikuwa motoni, makayabu ya kulisha watu wote wale, na mama wa kanisani aliyekuwa akisimamia alikuwa amevumilia baridi hadi mwisho wa uwezo wake. Dirisha alikuwa amelirudisha. Sasa alikuwa ameinama kwenye sinki akikamua taulo, na nilipoona anavyoikunja, mara mbili, kisha mara moja kwa urefu, nilijua inakwenda chini ya mlango gani. Nilifungua kinywa. Grâce alinitangulia. Aliingia na kitenge chake cha msiba, akaichukua ile taulo mikononi mwa yule mama kwa upole, akaitundika, akaenda akafungua dirisha hadi mwisho wake. "Samahani, Maman," alisema. "Humu hatufungake. Kambo alisemaka chakula yetu haina haya." Kisha akaniona. "Njo vile, Tantine? Wewe unamujua mbele yangu. Alianzaka lini kusema vile?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na beseni, na moto wa manjano, na mtoto niliyemwacha peke yake juu ya chuma cha baridi. Nilimtazama usoni, mwanamke mzima, anahema, pua ikichuruzika kwa baridi. Bibi yake alikuwa na miaka yote ya kumwambia kwamba waliponea chupuchupu, na badala yake alimpa maneno haya.

"Siku ile nilikuya kutengeneza masini yake," nikamwambia. "Akanipikia makayabu, mara ya kwanza."

"Ilikuwa nzuri?"

"Sikukula," nikasema. "Nipakulie sasa."